Uso wa Mzee Hamisi

Nilikaa chini. Wenzangu walidhani nimeanguka, lakini sikuanguka; miguu ilikataa tu, nami nikaketi kwenye sakafu ya mbao ya jumba la makumbusho, katika mji wa Ulaya ambako tulipelekwa wauguzi sita kwa mafunzo ya wiki mbili. Alasiri ile hatukuwa na kipindi, mwenyeji wetu akaona atupeleke kutazama sanaa ya kisasa. Mbele yangu ilining'inia picha ya mwanamume mwenye macho yote mawili upande mmoja wa pua, mdomo umevutwa hadi karibu na sikio, shavu moja la kijani na la pili rangi ya udongo. Mwenzangu wa Dodoma alikuwa akicheka. "Huyu mchoraji alikunywa nini siku hiyo?"

Mlinzi akaja mbio na chupa ya maji. Mimi nilikuwa najaribu kunusa. Ukumbi ule haukuwa na harufu yoyote, na hilo ndilo lililonishinda. Picha za namna ile nilizozijua mimi zilinuka rangi ya mafuta, na gunia la tumbaku, na mafuta ya taa yaliyotumika pale tapentaini ya kuyeyushia rangi ilipokosekana. Siku ya mwisho zilinuka moshi.

Nilikuwa na miaka tisa. Tulikaa Mtendeni, Tabora: Bibi, Mama, mimi, na Mjomba Sefu, mdogo wake Mama. Baba alikuwa kazini reli ya Kigoma, tukimwona kwa nadra. Mjomba alikuwa mchora vibao. Wa rika langu mtavikumbuka vile vibao vya vinyozi: kichwa cha kijana aliyenyolewa panki, shingo ndefu kama ya twiga, na chini yake maneno "Karibu Upendeze". Nusu ya vibao vya mjini kwetu vilikuwa vyake. Lakini hiyo ilikuwa kazi ya kula. Kazi yake ya moyoni aliifanya kwenye banda la uani, kwa sababu Bibi hakutaka picha yenye macho ndani ya nyumba. "Malaika hawaingii," alisema, na Mjomba hakubishana naye.

Aliwahi kukaa Dar es Salaam miaka kadhaa, akijifunza kwa wachoraji wakubwa, akarudi na sanduku la bati na kitabu kimoja kikubwa, zawadi ya padri mmoja wa Kipalapala aliyependa vibao vyake. Kitabu kilikuwa cha picha zilizomo katika makumbusho ya Ulaya, kila picha ndogo kama kiganja. Aliniruhusu kukifunua nikishanawa mikono. Nyuso zilizokatwakatwa, wanawake wenye pua ya ubavuni, gitaa lililopasuliwa kama muwa. Ukurasa mmoja ulikuwa na kinyago cha kwetu Afrika, na mbele yake sura ya mwanamke wa Kizungu iliyochorwa kwa kukifuata.

"Unaona?" aliniambia. "Hawa walikuwa wamechoka kuchora kama kamera. Wakaingia makumbusho kwao wakakuta vinyago vya babu zetu. Ndipo wakajua kwamba uso unaweza kuvunjwa."

"Kuvunjwa kwa nini?"

"Kamera inakuona upande mmoja. Mimi nataka nikuone ukicheka, ukinuna na ukisinzia, vyote mara moja. Kwanza nauvunja uso, halafu naujenga upya."

Nilimwamini. Shida ni kwamba nilimwamini neno kwa neno. Nilipokuwa nikimtazama akikaza macho kwa mtu aliyeketi mbele yake, brashi ikining'inia hewani, nilidhani kuna kitu anakichukua kwenye uso wa yule mtu, na mtu anakwenda zake bila kujua amepunguzwa.

Picha yake kubwa ilikuwa ya msafara. Alishonewa magunia ya tumbaku yakawa turubai moja, refu kuliko ukuta wa banda, na juu yake wapagazi walipita kutoka pwani kwenda Ujiji, njia ile ile iliyopita mji wetu, pembe za ndovu mabegani, minyororo shingoni. Siku moja alinipakia kwenye baiskeli tukaenda Kwihara, nje ya mji, kwenye nyumba ya makumbusho yenye minyororo ya watumwa, akashinda pale anachora minyororo tu, pingili baada ya pingili. Kwa sura za wapagazi alitumia majirani. Muuza mikate ya mchele alikuwemo. Idi, fundi baiskeli wa jirani, alikuwa wa tatu kutoka mbele, shingo yake nene imebanwa na chuma. Wenyewe hawakuwa na habari.

Aliyekuwa na habari ni mmoja, Mzee Hamisi, baba yake Idi, fundi cherehani aliyekaa barazani kuvuka barabara. Ndiye aliyeyashona yale magunia. Yeye aliomba mwenyewe achorwe peke yake, kwenye ubao.

"Usinitoe kama picha ya pasipoti," alisema, amekaa kwenye kigoda katikati ya banda letu, miwani kwenye ncha ya pua. "Mimi nikiwa kwenye cherehani ni watu watatu. Mmoja anakanyaga, mmoja anakata, mmoja anagombana na mke wangu, Bi Tatu."

"Basi nitawavunja wote watatu, mzee wangu, niwaweke pamoja."

"Vunja, mwanangu. Ulichonacho mbele yako ni kikuukuu."

Wakacheka. Nilikuwepo, nimekaa mlangoni. Picha ilipokamilika, Mjomba aliigeuza ikatazama ukuta, akisema rangi ikauke kwanza ndipo mwenyewe aione. Mimi niliigeuza. Jicho moja lilikuwa limeshuka hadi shavuni. Mdomo ulikuwa umekwenda kushoto, umefunguka nusu, kama mtu anayeita.

Wiki mbili baadaye, asubuhi natoka kwenda shule, nikasikia kilio cha Bi Tatu. Walikuwa wanamtoa Mzee Hamisi na godoro lake kumpandisha kwenye pikapu. Watu walijaa, lakini mtoto hupita chini ya mikono ya watu. Nilimwona karibu kabisa. Jicho lake moja lilikuwa limeshuka. Mdomo ulikuwa umekwenda kushoto, umefunguka nusu, mate yanatiririka.

Leo mimi ni muuguzi, nimewageuza na kuwaosha watu wengi waliopatwa na kiharusi, na nikiuona mdomo umepinda najua mshipa gani umeziba na upande upi wa kichwa. Siku ile nilijua kitu kimoja tu: niliuona uso ule kabla haujatokea.

Ningenyamaza. Lakini jioni, bombani, wasichana wakubwa walikuwa wakisimuliana habari za Mzee Hamisi, na hakuna aliyenitazama mimi, niliyekuwa na habari kubwa kuliko zao zote. Nikasema, "Mjomba wangu alikwishamvunja uso kabla. Picha iko bandani. Alisema, leo navunja uso wa Mzee Hamisi, na ikawa hivyo hivyo." Mwanamke mmoja akaacha ndoo yake ifurike. "Rudia," akasema. Nikarudia. Sitawadanganya: nilirudia kwa raha, na mara ya pili niliongeza kwamba Mjomba alikuwa akicheka.

Siku tatu zilizofuata watu walipita mbele ya nyumba yetu bila kusalimu. Bibi alimwamkia jirani kwa Kinyamwezi, "Mwangaluka," na yule mwanamke akajifanya hakusikia. Bibi akasimama pale na ufagio mkononi, anashangaa. Mzee Hamisi alirudishwa nyumbani, hasemi, hainui mkono wa kulia. Na Idi alikuwa na machungu yake mengine ya zamani: mke wake alikuwa ameharibikiwa na mimba mbili, moja baada ya nyingine. Mtu mwenye machungu ya namna hiyo akipewa jina la kuyabebesha, hulishika kwa mikono miwili.

Siku ya nne nikaamua kumponya Mzee Hamisi. Niliona jambo ni rahisi. Kilichovunjwa kwa brashi kitaungwa kwa brashi. Alasiri, Mjomba akiwa ametoka kuchora kibao cha kinyozi mtaa wa pili, Mama akiwa sokoni na Bibi amelala, nikaingia bandani, nikaigeuza picha, nikachovya brashi kwenye rangi nyekundu na kuanza kuunyoosha mdomo. Mstari ulitoka umepinda zaidi. Nikafuta kwa kidole, nikaanza tena.

Nilisikia kelele barabarani nikafikiri ni mpira. Halafu mlango wa uani ukaanguka, mbao na bawaba zake, na banda likajaa wanaume. Idi alikuwa mbele, nyundo yake ya kazini mkononi. Wawili nyuma yake walikuwa wamemshika Mjomba, mmoja kwa kola na mmoja kwa nywele. Walikuwa wamemtoa kinyozini, wakamburura njia nzima; shati lilikuwa limechanika hadi kiunoni na jicho moja limekwisha kufumba. Baadaye Mama aliambiwa na yule kinyozi kwamba njia nzima Mjomba alikuwa akikataa. Alikuwa anasema, "Mimi ni mchora vibao. Mnanijua. Niulizeni mzee mwenyewe."

Wakaniona mimi, nimesimama mbele ya uso wa Mzee Hamisi na mikono myekundu.

"Mmeona?" mtu akapiga yowe. "Mmeona? Hata mtoto kashafundishwa!"

Mkono ukanishika shingoni kwa nyuma, ukaninyanyua. Sijui ulikuwa wa nani. Nakumbuka vidole vilikuwa na harufu ya samaki mkavu, na miguu yangu ilikuwa inapiga hewa. Mtu mwingine alikuwa akisema nitolewe nje, na jinsi alivyolisema lile neno "nje" ilinifanya nijikojolee.

Mjomba akaacha kukataa.

"Mwacheni mtoto," alisema. Hakupiga kelele. "Hajui kitu. Ni mimi."

"Ni wewe nini?"

"Ni mimi niliyefanya. Nimefanya peke yangu. Mwacheni, nitawaeleza yote."

Vidole vikaachia. Nilianguka juu ya makopo ya rangi, na nilipoinua kichwa hakuna aliyekuwa ananitazama tena. Walikuwa wamepata walichokijia.

"Mlogi!" wakapiga kelele kwa Kinyamwezi, wakirudia, neno lile la mchawi, na sauti ilikuwa kama ya mtu mmoja mkubwa. Walimpiga kwa mbao za mlango. Walimpiga kwa mchi wa Bibi uliokuwa umeegemezwa jikoni. Muuza mikate, ambaye kila asubuhi alinipa kipande kilichovunjika, alikuwa anampiga teke mgongoni, kwa mpangilio, kama mtu anayetwanga. Kisha mmoja akavuta pazia lililofunika msafara, na kila mtu akajiona. Nilisikia pumzi zikivutwa. Walijiona wamebeba mizigo, wamefungwa shingo kwa shingo, nyuso zimepasuliwa vipande, na wa tatu kutoka mbele alikuwa Idi.

"Na mimi kanifunga," Idi akasema, taratibu, kama anasoma barua. "Ndiyo maana. Ndiyo maana watoto wangu hawakai."

Wakaukata msafara kwa visu. Wakautupa uani, wakamwaga mafuta ya taa ya Mjomba mwenyewe, na kitabu juu yake, na ubao wa Mzee Hamisi juu ya kitabu. Moto ulipanda juu kuliko paa. Bibi alikuwa ametoka, kichwa wazi, akajitupa juu ya mwanawe, wakamwinua wakamweka pembeni, karibu kwa adabu, mmoja akimwambia, "Samahani, bibi." Kisha Idi akaushika mkono wa kulia wa Mjomba, akaulaza juu ya kizingiti cha banda, akaukanyaga kwenye kifundo.

Alipiga mara nne. Nilihesabu kwa sababu sikuweza kufumba macho. Sauti haikuwa kubwa. Mjomba alipiga yowe la kwanza tu; yaliyofuata yalikuwa ni kinywa kilichofunguka bila sauti. Idi aliinua nyundo mara ya tano, na hapo ndipo tuliposikia Bi Tatu anapiga kelele kutoka barabarani.

"Idi! Idi, njoo umwone baba yako!"

Mlango wa uani ulikuwa umevunjwa, kwa hiyo sote tuliona. Mzee Hamisi alikuwa katikati ya barabara, chini. Alikuwa ameanguka kutoka barazani akaendelea kuja. Alijikokota kwa mkono wa kushoto, kiwiko kikichimba vumbi, mguu mmoja unafuata kama mzigo, shuka limebaki nyuma, mwili wake wa kizee uchi mbele ya mtaa mzima. Bi Tatu alikuwa akijaribu kumfunika na khanga huku akilia, naye akiisukuma. Alikuwa anatoa sauti. Hakuna aliyeyaelewa maneno, lakini kila mtu alijua anakokwenda, kwa kuwa jicho lake zima lilikuwa kwa Mjomba.

Idi aliiacha nyundo. Watu wakaanza kuondoka, bila kutazamana, kila mmoja upande wake. Mzee Hamisi alifika hadi kwenye mlango wetu ulioanguka, akalaza kichwa juu ya zile mbao, akalia kwa ule mdomo wake wa upande mmoja. Idi akamvika shati lake, akambeba kama mtoto, akampeleka nyumbani.

Hospitali walimkata Mjomba vidole vitatu. Polisi walikuja, wakaandika, wakauliza nani aliwaona nani. Mtaa mzima haukuona mtu. Mzee Hamisi alifariki kabla ya mvua. Mwanamke mmoja alituletea bakuli la wali siku ya maziko, akaliweka mlangoni na kuondoka, na hiyo ndiyo radhi pekee tuliyowahi kuombwa. Kipande cha msafara ambacho hakikuungua nilikiona baadaye kimetandikwa juu ya banda la kuku la jirani, jicho la mpagazi linatazama juu.

Mama aliuliza mara moja tu, amekaa kwenye mkeka anakunja mashati ya Mjomba: "Hivi maneno haya yalianzia wapi?" Nilikuwa nimekaa karibu naye. Nikasema sijui. Mjomba alipelekwa Igunga, kwa ndugu wafugaji, mbali na Mtendeni. Asubuhi ya safari alinipa mkono wa kushoto, na mimi nikajificha nyuma ya Bibi. Watu wazima walidhani naogopa bandeji.

Nilirudi kutoka Ulaya siku ya Jumapili. Jumatano nilikuwa kwenye basi la Igunga. Nilikuwa nimemtembelea Mjomba mara kadhaa miaka ile yote, harusini, misibani, siku zote pakiwa na watu. Sikuwahi kukaa naye peke yangu kwa kukusudia. Nilimkuta zizini, mvi zimemjaa, anamfunga ndama kwa mkono mmoja na meno.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, Mwaju. Umekonda. Huko hawali?"

Nikamwambia nilikokwenda. Nikamwambia nimeziona zile picha zenyewe, zilizokuwa ndani ya kitabu chake. Akaiacha kamba.

"Umeziona? Kwa macho?"

"Kwa macho."

"Kubwa kiasi gani?" Mimi sikuelewa. "Kitabuni zilikuwa hivi," akanionyesha kiganja. "Siku zote nilijiuliza. Zina ukubwa gani?"

Nikanyoosha mikono yote miwili, nikarudi nyuma hatua moja, bado haikutosha. Nikamwonyesha kwa lango la zizi. Alilitazama lango lile kwa muda mrefu, juu hadi chini, akatikisa kichwa akitabasamu. "Kumbe," akasema. "Kumbe mtu angeweza kuingia ndani yake."

Pale ndipo niliposhindwa kuendelea kuficha. Nikamwambia, "Mjomba, yale maneno ya bombani ni mimi niliyeyasema. Na niliongeza. Nilisema ulikuwa unacheka."

Akaichukua tena kamba. "Najua," akasema.

"Nani alikwambia?"

"Idi. Pale kinyozini, kofi la kwanza kabisa. 'Mpwa wako mwenyewe kasema.' Alilirudia njia nzima."

Nilisimama naihesabu ile njia kichwani: kutoka kinyozini hadi mtaani kwetu, kutoka mtaani hadi uani, hadi kwenye mlango wa banda.

"Kwa hiyo ulipoingia bandani ukasema ni wewe," nikasema, "ulikuwa umeshajua."

"Nilikuwa nimeshajua."

Ndama alikuwa anavuta. Akanipa ncha ya kamba niishike, akaifunga fundo mwenyewe, kwa vidole viwili.